Nani kaniita mjinga? Matusi kwenye msimbo na kwenye skrini

Mzee alifika ofisini saa 4 asubuhi, kofia mkononi, vumbi la barabara ya Hombolo bado liko kwenye viatu. Tukamwamkia, akaitikia, akaketi. Kisha akatoa simu ya kitochi kwenye mfuko wa ndani wa koti, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayetoa kielelezo mbele ya hakimu.

"Mjukuu wangu ndiye aliyenisomea," alisema. "Nimekuja kuuliza tu. Nani kaniita mjinga?"

Kwenye kioo kidogo cha simu palikuwa na maneno haya: WE MJINGA NAMBA GANI HII.

Mstari ule niliuandika mimi. Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa chama cha wakulima wa zabibu. Mkulima anatuma kwa meseji namba yake ya uanachama na kilo alizopeleka, mfumo unamjibu kwamba umepokea. Usiku mmoja nilitaka kujua kitatokea nini mtu akituma namba isiyokuwepo, nikaweka jibu la kwanza lililokuja kichwani, ilimradi nione meseji inatoka. Ikatoka. Nikaenda kulala. Msimu ulipoanza, sentensi ile ikaondoka kwenye kompyuta yangu Area C mjini Dodoma ikatua Hombolo, ikasomwa kwa sauti na mtoto wa darasa la 5 mbele ya familia nzima.

Mwenzangu mmoja alijaribu kunitetea. Mjinga si tusi, alisema, mjinga ni asiyejua, na serikali imepigana na ujinga, maradhi na umaskini tangu uhuru bila mtu kuvunjiwa heshima. Nilimwomba arudie hoja hiyo mzee akiwa anasikia. Hakurudia.

Watu wa kompyuta wamebishana miaka mingi kama lugha chafu ina nafasi kwenye kazi yao. Wapo wanaosema haina kabisa, wapo wanaosema ni ukaguzi wa maadili usio na maana kwa sababu kompyuta haina mama wa kutukanwa. Naona pande zote mbili hujibu kabla ya kuuliza maneno hayo yanakaa wapi na yatamfikia nani. Tuanzie hapo.

Msimbo ni maandishi anayoyaandika mtengenezaji wa programu kabla hayajageuzwa kuwa kitu ambacho mashine inaendesha. (Sisi kwa sisi tunaita "kodi", ndiyo maana mama yangu aliamini kwa muda mrefu kwamba niko TRA.) Ndani yake mna amri zenyewe, mna majina ambayo mwandishi hubuni kwa ajili ya vitu vyake, mna komenti, yaani maelezo ambayo kompyuta huyaruka kwa kuwa yameandikwa kwa ajili ya binadamu atakayekuja kusoma. Na mna sentensi ambazo programu itamtamkia mtumiaji: karibu, umefanikiwa, haiwezekani. Tusi linaweza kukaa popote kati ya hapo, na safari yake hutegemea limekaa wapi.

Likikaa kwenye komenti ya programu iliyoandikwa kwa lugha ya C, kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa faili la mashine, inalitupa. Mteja anapokea faili lisilo na komenti hata moja. Likikaa kwenye sentensi ya kumwambia mtumiaji, linabaki, hata kama mwandishi anaapa kwamba sentensi hiyo haitatokea kamwe. Kuna amri ya zamani ya Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, iitwayo strings ambayo huchota kila neno linalosomeka ndani ya faili la programu. Yeyote anaweza kuiendesha. Kwenye tovuti hali ni mbaya zaidi, kwa sababu komenti za HTML na JavaScript, lugha zinazoandikia kurasa za tovuti, zisipoondolewa kwa makusudi husafiri mpaka kwenye kivinjari cha mteja. Fungua tovuti yoyote kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na U, usome mwenyewe. Nimewahi kukuta kwenye ukurasa wa biashara moja ya mjini hapa malalamiko ya mtengenezaji kuhusu bosi wake, kwa jina la bosi.

Halafu ipo git, chombo cha kutunza historia ya msimbo. Kila badiliko ulilolihifadhi kinalikumbuka pamoja na tarehe, saa na jina lako. Ukifuta tusi leo, toleo la jana bado liko mle. Kulitoa kabisa kunahitaji kuandika upya historia yote, kazi inayomvuruga kila mwenye nakala. Git ina amri iitwayo blame, maana yake "laumu": ukiielekeza kwenye faili inakuonyesha kila mstari uliletwa na nani. Na jina git lenyewe ni neno la mitaani la Uingereza la kumsema mtu mjuaji asiyependeka. Linus Torvalds, mwanzilishi wa git na wa mfumo wa Linux, alilichagua mwaka 2005 akitania kwamba miradi yake huipa jina lake mwenyewe. Kwa hiyo wale wanaotaka fani hii isiwe na neno chafu hata moja wana kazi, maana chombo chao cha kila siku kinaanza na tusi.

Msimbo wa siri nao huvuja. Februari 2004 sehemu ya msimbo wa Windows 2000 ilivujishwa, na watu hawakukawia kuchimbua komenti wakitafuta nani kamtukana nani. Waliyakuta: wahandisi wakiwaita wenzao majuha, wakilaani programu jirani. Mwaka 2012 mambo yakawa ya aina yake, kwa sababu safari hii halikuwa neno bali namba. Microsoft ilikuwa imechangia kwenye Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, msimbo wa kuiwezesha kufanya kazi chini ya Hyper-V, mfumo wake wa kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, na ndani mlikuwa na namba 0xB16B00B5. Namba za aina hiyo hutumia tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F, na mhandisi alizipanga zikasomeka kama maneno ya Kiingereza yanayosifia ukubwa wa matiti. Kampuni iliomba radhi na namba ikabadilishwa. Mashine haikuwahi kujali. Anayejali ni mwanamke anayesoma msimbo ule, akajikuta amekaribishwa kwenye chumba ambacho wenyeji wake hawakutegemea aingie.

Hapo ndipo ninapokumbuka utani. Kwetu mtani wako anaweza kukutukana mpaka msibani, akalala mbele ya jeneza akidai deni lake, na hakuna anayekunja uso. Lakini utani una mipaka inayojulikana: tunajua nani mtani wa nani, babu zetu walikubaliana, na asiye mtani akithubutu maneno hayohayo atatafutiwa wazee. Komenti ya matusi kati ya watu watatu waliokesha pamoja ni utani halali kabisa. Shida ni kwamba komenti haifi na kikao. Miaka miwili baadaye wawili kati yao wamehama, na mstari unasomwa na mtu ambaye hakuwahi kuingia kwenye utani huo.

Kwetu aliusoma binti aliyekuja kufanya mafunzo kwa vitendo. Siku ya tatu alinijia na daftari. "Samahani kaka, hii WTF ni aina gani ya faili? Nimeitafuta kwenye maelezo ya mfumo sijaiona." WTF ni kifupi cha tusi la Kiingereza la mtu aliyeduwaa. Ilikuwa imeandikwa mara 11 kwenye msimbo wa malipo, na kila ilipokaa palikuwa na jambo ambalo hata mimi sikuwa nalielewa.

Sasa, kwa nini ilikuwa WTF na si tusi la Kiswahili? Nimepitia msimbo wetu wote wa miaka 6. Matusi ya Kiingereza yamo, tena mazito, ya kitandani na ya chooni. Ya Kiswahili hamna hata moja ya nguoni. Kijana anayeandika lile neno la Kiingereza la herufi 4 bila kupepesa macho hawezi kuandika tafsiri yake, mkono utamtetemeka. Jean-Marc Dewaele, mtaalamu wa isimu aliyekuwa chuo cha Birkbeck jijini London, alichapisha mwaka 2004 utafiti kuhusu watu wanaozungumza lugha nyingi, ukaonyesha kwamba kwa kawaida tusi la lugha ya kwanza ndilo linalouma kuliko la lugha zilizofuata. Tunaazima matusi ya watu kwa sababu kwetu ni mepesi. Lakini msimbo unasomwa na watu ambao kwao si mepesi, na hilo huwa hatulikumbuki mpaka mteja wa Nairobi au Manchester aombe kuuona.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni Linux yenyewe. Kiini chake, ambacho Torvalds alikianza mwaka 1991, kimejaa komenti za hasira. Moja maarufu inasema kwamba Wirzenius, mwenzake wa siku za mwanzo, aliandika sehemu hii iweze kuhamishika kwenye kompyuta za aina nyingine, Torvalds akaja akaiharibu. Kitenzi kilichotumika si "akaiharibu", na mwishoni kuna alama ya tabasamu. Mtu anacheka, kwa sababu mwenye nyumba anajitukana mwenyewe. Ila Torvalds huyohuyo kwa miaka aliwaandikia wachangiaji barua za kuwadhalilisha, wao na akili zao, na Septemba 2018 aliomba radhi hadharani akapumzika kwa muda, wakati mradi ukipitisha kanuni mpya za mwenendo. Mwishoni mwa mwaka huo mhandisi mmoja wa Intel alipendekeza lile neno la herufi 4 libadilishwe kwenye komenti liwe "kumbatia". Matokeo yalichekesha kuliko matusi yenyewe: vifaa vilivyokumbatiwa, hesabu zilizokumbatiwa. Wengi walikataa, nami ningekataa. Aliyekuwa akiumia kwenye mradi ule alikuwa akiumizwa na barua. Kufagia komenti ni kupaka rangi ukuta huku paa linavuja.

Kuna tasnifu ya shahada ya kwanza iliyoandikwa Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 2023, iliyolinganisha miradi ya lugha ya C yenye matusi na isiyo nayo, ikakuta ile yenye matusi ina wastani mzuri zaidi wa ubora. Vijana wanapenda kuitaja kama kibali. Haisemi kwamba tusi linaboresha msimbo. Pengine mtu anayetukana ni mtu anayejali, kama fundi anayegombana na injini.

Ninachokiamini mimi, baada ya mzee wa Hombolo, ni kwamba tusi kwenye msimbo mara nyingi husimama mahali ambapo kazi haijafanyika. Nitaeleza. Mzee hakutuma namba isiyokuwepo. Namba yake ilikuwa na sifuri mbili, na kwenye simu yake aliziandika kama herufi O. Karibu kila mkulima wa rika lake aliandika hivyo. Kazi yangu ilikuwa mstari mmoja tu wa kugeuza O kuwa 0 kabla ya kutafuta namba. Sikuuandika, nikaweka tusi pale mstari ulipotakiwa kukaa. Ujinga ulikuwepo kweli, ila mfumo ulikosea anwani. Na zile WTF 11 nilipozipitia upya na yule binti, 7 kati yake zilikuwa hitilafu halisi ambazo mtu aliziona, akalaani, akapita.

Herufi zinazofanana zimewahi kumtukana mtu hata bila mwandishi kukusudia. Apple walipokuwa wakiandaa kompyuta ya Lisa, iliyoingia sokoni mwaka 1983, kitufe cha kukubali kiliandikwa "Do It", yaani "fanya". Kwenye mwandiko wa skrini ile I kubwa ilifanana na l ndogo, nafasi katikati ikawa finyu, na baadhi ya waliokuwa wakijaribu wakasoma "Dolt", neno la Kiingereza la kumwita mtu bwege. Mmoja alikasirika akauliza kwa nini mashine inamwita hivyo. Ndipo kitufe kikawa "OK".

Wengine hutaka tatizo litatuliwe na kichujio: orodha ya maneno mabaya, kompyuta ikiliona inakataa. Mwaka 1996 kichujio cha AOL, kampuni ya huduma za intaneti, kiliwazuia wakazi wa Scunthorpe, Uingereza, kufungua akaunti, kwa sababu jina la mji wao lina neno chafu tumboni. Kwa Kiswahili mambo ni mabaya maradufu. Kichujio cha Kiingereza hakitamwacha salama mwanasheria anayeandika "mashitaka" wala mgonjwa anayesema "nilishituka". Ukitengeneza cha Kiswahili, wa kwanza kukamatwa atakuwa mwanafunzi anayesema amekaribia "kumaliza" chuo. Mwaka 2019 kampuni ya Kong ya Marekani ilitoa programu huria ya kuongoza mawasiliano ya huduma kwenye seva, ikaipa jina la herufi 4 ambalo kwa Kijapani ni dubu. Kwa Kiswahili si dubu. Mwenzangu alitakiwa kuielezea kwenye kikao chenye wazee na mchungaji mmoja, akaiita "ile ya Kong" dakika 40 nzima. Na upande wa pili, maneno safi kabisa hutukana: "mama yako" hayamo kwenye orodha yoyote, lakini jaribu kuyasema stendi kwa sauti fulani.

Kwa hiyo turudi kwenye ujumbe unaomfikia mtumiaji, maana hapo ndipo ninapotaka kukaa. Lugha chafu si hatari kubwa pale. Kila ofisi yenye akili inaipiga marufuku. Hatari ni dharau na vitisho vilivyovaa suti. Windows 95 ilikuwa ikitangaza kwamba programu imefanya operesheni isiyo halali na itafungwa. Kwa mhandisi hiyo ni habari ya kiufundi. Kwa karani aliyeanza kazi wiki iliyopita, "isiyo halali" na "itafungwa" kwenye sentensi moja ni polisi na mahabusu.

Istilahi nyingi za kompyuta zimetoka kwenye lugha ya ukatili: kuua mchakato, mchakato yatima, kosa la kufisha. Waliotafsiri programu kwa Kiswahili, kama wale wa mradi uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, walilazimika kuamua kila neno. Neno moja la Kiingereza ukilifuata kwenye kamusi bila kufikiri unamwambia mtumiaji atoe mimba badala ya kusitisha, na jingine unamwambia anyonge faili badala ya kuliendesha. Hata "kosa" lina mtego wake. Kosa lina mkosaji. Ukiandika KOSA kwa herufi nyekundu, msomaji anajitafuta ndani yake amefanya nini. "Hitilafu" haina mwenyewe, inaweza kutoka kwenye umeme.

Tena Kiswahili kina zawadi ambayo tunaiacha kabatini: kauli ya kutendeka. "Umeandika namba vibaya" inanyoosha kidole. "Namba haisomeki" inasema jambo lilelile bila kidole. Haikupatikana, haijakamilika, haifunguki. Bibi yangu alikuwa akisema "chungu kimevunjika" huku akimtazama aliyekivunja, na kila mtu alielewa, na hakuna aliyelia. Sijaona sababu ya mashine kushindwa adabu hiyo.

Lakini adabu nayo isizidi. Meseji moja ya kawaida hubeba herufi 160. "Ndugu mteja wetu mpendwa, tunasikitika sana kukujulisha" imeshakula 55 na bado hujasema kitu. Na ukitaja Chang'ombe kwa ile alama ya ritifaa iliyopinda ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, badala ya ile iliyonyooka, meseji nzima hubadilishwa mfumo wa herufi na nafasi hushuka kutoka 160 hadi 70. Tuligundua hilo kwenye bili.

Sheria nayo ipo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inashughulikia lugha ya matusi inayoelekezwa kwa mtu kwa namna inayoweza kuvunja amani, yaani hata yenyewe inauliza kwanza neno limetamkwa kwa nani.

Mzee tulimwomba radhi, soda ikaletwa. Nikaweka ule mstari wa kugeuza O kuwa 0, na kwa zile namba ambazo kweli hazimo nikaandika upya: "Samahani, namba ya uanachama uliyotuma haijaonekana kwenye orodha. Tafadhali iangalie kwenye kadi yako kisha utume tena." Nikamtumia pale pale ajaribu. Aliisogeza simu mbali na macho, akasoma mwenyewe polepole, midomo ikicheza.

"Afadhali," alisema. Kisha akaniangalia. "Lakini huyu anayeniomba samahani ni nani?"

Nikaongeza mwishoni namba ya simu ya ofisi. Ikaenea, na nafasi ikabaki.